Laptopu ya Kioo Kilichopasuka

Muuzaji wa Mbarara alimsukumia Bénédicte kompyuta kubwa kuliko zote dukani, yenye taa za rangi rangi. Bénédicte, muuza dagaa wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale na mtunza video za kwaya yao tangu walipokimbia Uvira, hakuzitazama taa.

"Inakunywa wati ngapi?"

Muuzaji akacheka. "Mama, si unataka tu kuweka video na kuzionyesha kwa tivi?"

"Nimeuliza wati."

Zilikuwa mia mbili. Bénédicte akasonya. Dubwana hilo lingemaliza sola yake kabla ya kiitikio cha kwanza. Akanyoosha kidole kwenye laptopu iliyotupwa pembeni, kioo kimepasuka.

"Hiyo kioo yake imekufa, Mama."

"Kioo niko nacho ku nyumba, ni tivi. Hii inakunywa kidogo, tena iko na betri yake. Unganisha tuone."

Muuzaji akaiunganisha na tivi ya dukani, shingo upande. Picha ikatoka safi kabisa.

Jumapili, baada ya ibada, kwaya nzima ilijaa sebuleni kwake. Nyimbo za miaka kumi na minne zikapita kwenye tivi mpaka jioni, laptopu haikuzimika hata mara moja, na vijana wakawa wanazivuta kutoka humo hadi kwenye simu zao bila bando la intaneti.

"Mama Bénédicte," akasema Papa Bienvenu, kiongozi wa kwaya, "ni fundi gani alikuchagulia hii mashine?"

Bénédicte hakuinua macho mpaka kikombe cha mzee kilipojaa.

"Huyu anayekumiminia chai."