Homa Nilizomwandikia Bi Mwanakombo

Ndugu yangu unayesoma haya huku umeufunika mguu wako kwa leso, ufunue kidogo upate hewa. Nami nitakueleza habari za wangu bila kuficha, maana kuficha ndiko kulikokaribia kuniharibia kila kitu.

Naitwa Saidi, mzaliwa wa Jomvu Kuu. Nilipomaliza kidato cha nne sikukaa nyumbani hata mwezi. Nilipata kazi ya utanboi, msaidizi wa dereva, kwenye malori yaliyopakia mizigo Changamwe na kwenda Kampala na mbele yake. Nikiwa nyumbani niliitamani Malaba, kule mpakani. Nikiwa Malaba, nikisikia tu harufu ya iliki, moyo ulirudi kwenye karai la mahamri la dada yangu Fatma. Ndivyo nilivyoumbwa, situlii.

Ugonjwa ulianza kwa mtoki. Tulikuwa njiani, jua la saa saba, nikahisi uvimbe kama yai la kuku kwenye kinena cha kushoto. Kisha ikaja baridi ya kugonganisha meno. Mguu ukavimba, ukang'aa, ukawa wa moto kama birika. Siku ya tano homa ikaondoka na mguu ukanywea, lakini haukunywea wote. Baada ya miezi mitatu, tena. Kila homa iliondoka ikaacha uvimbe kidogo nyuma, kama mgeni anayesahau mizigo yake makusudi ili apate sababu ya kurudi.

Miaka ya themanini ilikwisha hivyo. Ngozi ilikuwa ngumu, yenye mikunjo. Katikati ya vidole palipasuka, pakatoa maji yenye harufu. Nzi walinijua. Dereva wangu alianza kufungua madirisha yote mawili, mpaka siku moja akasema, "Saidi, nakupenda kama ndugu. Lakini huwezi tena kupanda juu kufunga turubai. Nenda nyumbani ukajitibu."

Nilirudi Jomvu nimevaa kiatu kimoja, cha pili kimo mfukoni. Watu walisema nimekanyaga kitu huko njiani. Nilichanjwa chale, nikapakwa mizizi, nikanywa kila nilichopewa. Msikitini niliacha kwenda kwa kuona haya ya harufu. Nilitawadha nyumbani, na mguu ule niliumwagia maji tu, nikitazama pembeni. Kwa miaka miwili sikupitisha kidole katikati ya vidole vyake.

Siku moja tuliitwa zahanati, wote wenye matende. Alikuja daktari wa kike kutoka chuo kikuu, Nairobi, jina lake Daktari Mueni. Alipita akituuliza hali, na sisi, wengine tukitetemeka kwa homa pale pale, tukajibu kama tulivyolelewa: "Njema, alhamdulillahi."

Akacheka. "Alhamdulillahi ni ya Mungu. Mimi niambieni mguu."

Alitueleza kwamba matende huletwa na vijidudu vinavyoingizwa mwilini na mbu, lakini zile homa zinazozidi kuunenepesha mguu huletwa na uchafu unaopenya kwenye nyufa za ngozi. "Haya tunayafikiria sisi wa vitabu," akasema. "Kutoka kitabuni hadi kwenye beseni lako kuna njia, na hatujaipita. Chuo kimetupa fedha kidogo, za majaribio ya mwaka mmoja. Tukionyesha kwamba kuosha mguu kwa sabuni kila siku kunapunguza homa, tutaomba za kutosha watu wengi. Tusipoonyesha, hatutapewa tena."

Nusu yetu tungeanza kuosha. Nusu wangeendelea na matibabu ya kawaida, waanze mwaka wa pili. Tulipiga kura kwa vijikaratasi katika kopo la maziwa. Mimi niliangukia kuosha. Jirani yetu Bi Mwanakombo, mjane mzee ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, mwenye matende miguu yote miwili, aliangukia kungoja.

"Msigawane," Daktari alisisitiza. "Ukimpa mwenzako sabuni yako, sitajua kilichosaidia ni nini."

Kila mmoja alipewa daftari. Siku ya homa unatia alama ya msalaba, siku ya uzima unaacha wazi. Bi Mwanakombo alisoma Kurani vizuri kuliko mimi, lakini hati hizi za shuleni hakuzijua, basi nikaombwa nimwandikie.

Siku ya kwanza Fatma alimimina maji. Nilipitisha kidole katikati ya vidole vya mguu, na nikalia, si kwa maumivu tu.

"Lia," akasema dada yangu, "lakini mguu usiuondoe."

Sabuni, maji, kukausha kwa taulo hata kwenye mikunjo, dawa ya kupaka penye nyufa, kisha kuuinua juu ya mto. Asubuhi na jioni. Mwezi wa pili harufu ilikwisha. Mwezi wa nne nilikuwa sijapata homa hata moja. Nilianza kukitoa kile kiatu cha kushoto na kukitazama.

Upande wa pili wa ukuta, Bi Mwanakombo aliungua kwa homa. Tulimsikia akiguna. Nilitia alama katika daftari lake siku sita mfululizo. Siku ya saba Fatma alichukua beseni na sabuni yangu.

"Dada, Daktari amekataza."

"Amekukataza wewe. Mimi sikupiga kura yoyote."

"Utatuharibia."

"Saidi, kikombe cha sukari hakijapata kuomba ruhusa kuuvuka ukuta huu. Leo sabuni ndiyo iombe?" Akatoka.

Alimwosha bibi yule kila siku, kama mama yake. Na homa zikakoma. Hapo ndipo nilipokosea mimi. Daftari la Bi Mwanakombo lilibaki jeupe, na weupe ule ukanitia hofu. Daktari angeuliza. Angejua. Angetufukuza, fedha zingekatwa, na mguu wangu ungerudi ulikotoka. Basi nikaanza kumwandikia homa. Siku tatu hapa, nne pale. Nilijiambia ninamlinda Daktari.

Daktari alipokuja kupima, aliuzungushia mguu wa Bi Mwanakombo utepe. Akautazama, akaupima tena. Mguu ulikuwa umepungua. Akafungua daftari.

"Bibi, pole. Naona mwezi uliopita umeugua sana."

"Nani?"

"Wewe, Bibi. Homa siku saba."

"Homa gani, mwanangu? Mimi tangu Shaabani sijui homa. Mwulize Fatma anayeniosha."

Benchi zima likanigeukia. Ningeweza kusema bibi mzee, amesahau. Neno hilo lilinifika mdomoni, wallahi. Kisha nikamwona Bi Mwanakombo ananitazama kwa upole, akingoja nimsaidie kueleza, kwa kuwa mimi ndiye msomi.

"Homa hizo nimezitunga mimi," nikasema.

Daktari Mueni hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Bwana Saidi, uongo huu ningeupeleka Nairobi kwa mikono yangu, nikauita sayansi. Watu wangetibiwa kwa kuufuata."

Alilitoa daftari la Bi Mwanakombo katika hesabu yake. Kisha akanyoosha mkono apewe langu.

"Langu ni la kweli!"

"Naamini. Lakini aliyeandika ni mmoja."

Miezi yote ile ya uzima wangu ikaenda hivyo, haikuhesabiwa. Kuniuma kuliniuma. Nikauliza kama sabuni nayo imekwisha. "Sabuni utapata," akasema. "Mguu wako haujadanganya mtu."

Fatma aliitwa. Hakuomba radhi. "Nilimwosha, na nitamwosha." Daktari akachukua kalamu, akaandika maneno yake yote.

Waliobaki katika hesabu walitosha kuonyesha njia, na fedha za pili zikaja. Safari hiyo hawakupiga kura nyumba kwa nyumba. Walipiga kijiji kwa kijiji, na kila mgonjwa wa Jomvu Kuu akaanza kuosha siku moja. Nilimwuliza Daktari kwa nini. Akasema, "Kwa sababu ya dada yako. Sabuni haikai upande mmoja wa ukuta. Fedha za majaribio kazi yake ndiyo hiyo, tukosee padogo tusije tukakosea pakubwa."

Nami nilipewa daftari jipya, langu peke yangu. Nilikuwa mzima kiasi cha kupanda lori tena, nikaenda Voi na kurudi, na taulo nikaisahau nyumbani. Wiki ile ile homa ikanikamata, siku mbili, karibu na siku ya Daktari kuja. Niliona haya. Nilishika kalamu muda mrefu. Kisha nikatia alama mbili.

Alipofika aliuliza hali. Ulimi ukanitangulia, "Njema, alham..." nikaukamata, nikampa daftari. Aliweka kidole juu ya zile alama, moja, mbili. Akatabasamu. "Hizi naweza kwenda nazo Nairobi."

Leo mguu wangu si kama wa pili wake, wala sitakudanganya kwamba utakuwa. Lakini unaingia kwenye kiatu kilichopanuliwa na fundi, na homa imekuwa mgeni wa nadra. Njiani nalala tena kila mji, na nyuma ya kiti cha dereva ninalo beseni dogo, sabuni na taulo mbili. Namshukuru Mungu. Namshukuru Daktari Mueni, na Bi Mwanakombo, ambaye sasa anakwenda harusini kwa miguu yake, na dada yangu ambaye hakupiga kura.

Nawe osha mguu wako kila siku. Kausha katikati ya vidole, hapo ndipo penyewe. Usingoje uwe msafi ndipo uende zahanati. Na ukiulizwa hali, mshukuru Mungu kwanza. Kisha sema mguu.