Bitiruti za Manjano Alizozitaka Mwanaisha

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka huvitazama viganja vyangu. Nilisimama makaburini nyuma ya watu, nimeificha mikono ndani ya kanzu, kwa kuwa ilikuwa myekundu na sikuwa na sabuni ya kuiosha. Hapakuwa na sabuni mji mzima. Lakini nimeanzia mwisho. Ngoja nirudi nyuma.

Ilikuwa miaka ya dhiki. Sukari kwa foleni, nguo kwa foleni, na unga uliopatikana ulikuwa ule wa njano wa msaada, wenye harufu ya ghala. Habari za nyama tulizisikia kwa majirani, nao majirani walizisikia kwetu. Mie nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne, karani katika shamba la mkonge, nimepanga chumba chenye ua mdogo huko Makorora. Mke wangu aliitwa Mwanaisha, mzaliwa wa Mwera, upande wa Pangani. Alikuwa mwembamba, mcheshi, asiyeweza kukaa bure.

Shangazi yake aliyeolewa Lushoto alimletea mbegu za bitiruti, zimefungwa kwenye kipande cha kanga. Bitiruti tulizijua kwa mbali tu, vile viazi vyekundu vilivyoshushwa sokoni kutoka milimani. Huku pwani joto huzisumbua. Mwanaisha alingoja masika yaishe, kipupwe kilipoingia akalima tuta nyuma ya bafu na kulitilia kivuli cha makuti. Alimwagilia maji ya kufulia. Nguo tulizifua kwa majani ya mpapai, basi maji yale hayakuudhuru mmea. Mbegu moja ya bitiruti hutoa miche miwili mitatu iliyobanana, ni lazima uipunguze. Aliyoing'oa hakuitupa. Aliikatakata, akaipika kwa tui, tukala nayo ugali wetu wa njano. Nilipoisifu akasema, "Hujala bado. Ngoja viazi vyenyewe."

Wakati huo alikuwa mjamzito. Mimba ilipokuwa kubwa akawa hawezi kubeba hata ndoo nusu bila kukaa chini. Kliniki muuguzi alimfunua kope, akaguna. Damu ilikuwa kidogo, na vidonge vilikuwa vimekwisha. Akatuambia mgonjwa ale maini, dagaa, maharage na mboga za majani, chochote tutakachopata, na uchungu ukianza tumkimbize hospitali. Maini tungeyapata wapi?

Bombani nikamweleza jirani yetu, Bi Rehema, mama mtu mzima aliyewakanda wazazi wengi pale mtaani. "Mtafutie bitiruti," akasema. "Inaleta damu ile. Hujaiona rangi yake?"

Nilikwenda nyumbani mbio. Sisi tunazo uani! Nikang'oa moja, nikaipasua. Ilikuwa ya manjano, ganda hadi moyo. Vikonyo vyake nilikuwa nikiviona vya manjano siku zote, nikidhani zikikomaa zitageuka nyekundu kama nyanya. Nikarudi nayo bombani.

"Wee mtoto, hii bitiruti au binzari?" Bi Rehema akaigeuzageuza. "Damu gani ya njano? Macho ya mgonjwa wa ini ndiyo huwa hivi. Mlishe huyo mkeo, akuzalie pera bivu!"

Wanawake wote wakacheka. Yalikuwa maskhara ya bombani, mwanangu, yaliyokwisha kabla ndoo haijajaa. Mie niliyabeba hadi nyumbani kama fatwa.

Nilimkuta Mwanaisha keshateleka sufuria. "Zilete," akasema. "Tunazichemsha na maganda yake, zikiiva ganda linateleza lenyewe. Majani nitayatia nazi. Mate yananijaa, wallahi."

"Hizi hazina damu."

"Mie sitaki damu. Nataka kula."

"Zitakudhuru."

"Tumekula miche yake. Nani alikufa?"

Sikuwa na jibu. Na kwa kuwa sikuwa na jibu, nilitumia mikono. Nilikwenda uani nikaling'oa tuta lote, nikawatupia mbuzi wa jirani. Mwanaisha alisimama mlangoni, ameshika kiuno, akiwatazama wanavyotafuna. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hata majani?"

Asubuhi yake nilikwenda Muheza kutafuta bitiruti nyekundu. Wauza machungwa wakaniambia gari la Lushoto litashuka jioni, nikalingoja. Lilifika na magunia ya kabichi, na bitiruti chache chini yake. Niliazima kisu nikaipasua moja, nisije nikadanganyika tena. Maji yake mekundu yakanichuruzika viganjani, nami nikacheka peke yangu kama mwehu. Basi la kurudi halikuwa na dizeli. Nililala pale stendi, mfuko chini ya kichwa, nimeridhika kabisa.

Niliporejea nilikuta mikeka imetandikwa nje. Uchungu ulikuwa umemshika usiku ule, kabla ya wakati wake. Bi Rehema na majirani walimsukuma kwa mkokoteni hadi hospitali. Alimwaga damu nyingi, na hakuwa nayo ya kumwaga. Mtoto naye hakulia. Bi Rehema aliponiona viganja alipiga ukelele akidhani nimejikata. Nilipomwonyesha mfuko, alikaa chini pale pale mchangani akajifunika ushungi.

Nilisugua kwa mchanga, nikasugua kwa limau. Wekundu ukabaki kwenye mistari ya viganja. Na mikono hiyo ndiyo iliyotupa udongo juu ya mke wangu.

Baada ya hitima, mkwe wangu Mzee Mbwana, mkulima wa minazi aliyetoka Mwera kuja kuzika, aliniita uani. Alilitazama lile tuta lililofukuliwa.

"Mwanangu alitaka nini?" akaniuliza.

"Baba, nilikwenda Muheza kumtafutia..."

"Sikukuuliza ulikwenda wapi. Alitaka nini?"

"Alitaka mboga hii."

"Ilikuwapo?"

"Ilikuwapo."

Aliokota bonge la udongo wa tuta, akalivunja kiganjani. Kisha akasema, "Sisemi ingemponya. Uhai si wangu wala si wako. Lakini mwanangu amekufa na njaa ya kitu kilichokuwa uani kwake."

Aliinama, akaondoa kuti lililoanguka. Chini yake palikuwa na bitiruti moja, ndogo kama ndimu. Akaing'oa, akanipa. "Pika."

Niliichemsha na ganda lake. Ilipoiva ganda likateleza lenyewe, kama alivyosema marehemu. Tukagawana, mzee na mie, kwa chumvi tupu. Ilikuwa tamu. Na mikononi haikuacha rangi yoyote.

Miaka ya ruksa ikaja, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa. Siku nilipoona sabuni zimepangwa hadi darini katika duka la Mhindi, nilitoka bila kununua nilichofuata. Baadaye mbegu zikaanza kuuzwa kwa pakiti, nikazipata za manjano. Hadi leo kila kipupwe napanda. Nachuma majani ya nje, nauacha moyo uendelee kukua, na majani hayo nayapika kwa nazi kama alivyotaka kuyapika yeye. Nimewauliza waganga wa hospitali zaidi ya mmoja kama ile rangi ina madhara. Wote wamenitazama kwa mshangao.

Basi nisikilize, mwanangu. Mtu wa nyumbani kwako akikwambia anataka kitu, na kitu hicho kipo, mpe kwanza, maswali baadaye. Ukiwa na hofu, usiende kuiuliza bombani. Ukiishiwa na jibu mbele ya mkeo, iache mikono itulie. Na mgonjwa akiwa ndani, mtume mwingine safari. Wewe kaa naye. Mie nilisoma, na kusoma kwangu hakukunizuia kuona haya mbele ya kicheko cha wanawake wenye ndoo. Bi Rehema sikumlaumu. Yeye alitania, mie ndiye niliyeng'oa.

Mwenyezi Mungu akupe ua wenye kijani na sikio la kumsikia aliye jikoni. Akukutanishe na wako wakiwa hai na wameshiba. Na siku utakayomzika umpendaye, kwani siku hiyo itafika, akujaalie usiwe na sababu ya kuficha mikono.