Siku Mbili Alizoomba Baba

Nilipata leseni ya udereva nikiwa na miaka kumi na minane, kwa sababu macho ya baba yalikuwa yameanza kufifia. Tulikuwa tukiishi Kaloleni, katika nyumba ya kaunti ambayo familia yetu ilikuwa nayo tangu enzi za babu, aliyefanya kazi reli. Baba alikuwa karani mstaafu. Kiinua mgongo chake alikinunulia gari dogo la kijivu, lakini giza likianza kuingia alikuwa haoni vizuri kilicho mbele, basi akanilipia masomo ya udereva. Aliketi kando yangu nikimpeleka mazoezi ya kwaya, na tukipita majirani aliteremsha kioo ili wamwone akiendeshwa.

Bima ilipokwisha tulienda pamoja kwa wakala, mama wa makamo mwenye ofisi juu ya duka la dawa. Alimuuliza baba kama kuna mtu mwingine atakayeendesha. Akaeleza kwamba dereva mwenye umri mdogo na leseni mpya hupandisha ada, na akigonga, mwenye gari hubeba sehemu kubwa zaidi ya hasara kabla kampuni haijatoa chochote. Jina la dereva huyo lisipoandikwa, kampuni yaweza kukataa kulipa kabisa. Baba alijibu kwamba anaendesha peke yake. Mimi nilikuwa nimekaa pale, ufunguo mkononi. Tulipotoka aliniambia hayo ni makaratasi tu. Nami nikawasha gari.

Jumamosi moja tulikuwa tukitarajia wageni kutoka Vihiga. Baba alinituma Soko la Burma kununua nyama. Alinipa ufunguo huku akinyoa ndevu, akanikumbusha nichague mbavu. Nikitoka sokoni nilirudisha gari nyuma bila kuangalia vizuri, nikagonga teksi iliyokuwa imeegeshwa. Mlango wake ulibonyea wote. Hakuna aliyeumia. Mwenye teksi hakunitukana; aliketi ukingoni mwa barabara akiuliza kesho atafanya kazi na nini.

Nilimpigia baba. Alikuja, akanishika bega, akaniambia nisiwe na wasiwasi, bima ipo. Nilimwamini.

Wiki iliyofuata mpelelezi wa kampuni ya bima alikuja nyumbani, kijana mpole mwenye faili. Nilikuwa nikimimina chai alipoanza kusoma taarifa aliyoandika baba. Ilisema kwamba binti yake alichukua ufunguo yeye akiwa amelala, bila ruhusa.

"Ni kweli, dada?" akaniuliza.

Nilimtazama baba. Alikuwa akiangalia kalenda ya kanisa ukutani. Nikasema ni kweli, kwa sababu alikuwa baba yangu na kulikuwa na mgeni nyumbani.

Mpelelezi akafunga faili. "Basi mzee, huo ni wizi. Ukitaka tuendelee, itabidi umripoti binti yako kwa polisi, utuletee hati yao."

Nilisubiri baba acheke, au aseme alikosea kuandika. Alikoroga chai yake kwa muda, kisha akasema, "Nipe siku mbili nifikirie."

Siku hizo mbili mama hakuzungumza naye. Mimi nilifua nguo zangu zote nikazipanga kwenye begi, maana sikujua mtu akichukuliwa na polisi huruhusiwa kubeba nini. Baba alikula, akaenda kwaya kwa miguu, akarudi. Tulipokutana mlangoni alinipisha kama mpangaji.

Jioni ya siku ya pili alitangaza kwamba ameachana na mambo ya bima. Aliuza gari, akamtengenezea mwenye teksi mlango wake. Kanisani walimsifu sana. Walisema wazazi wa namna hiyo hawapatikani siku hizi.

Nilimfuata nje alipokuwa akimwagilia sukuma wiki. Nikamuuliza alikuwa akifikiria nini siku zote mbili.

Hakuinua kichwa. "Gari," akasema. "Nilikuwa nafikiria gari."

Mwezi uliofuata nilihamia kwa shangazi, Dandora. Siku hizi tunasalimiana vizuri. Wakati wa sikukuu mimi huenda Kaloleni, nikala, nikamjulia hali. Lakini akianza kuwasimulia wageni jinsi alivyouza gari kwa ajili yangu, huwa nainuka nikaoshe vyombo.