Mama na Chai Yake ya Alasiri

Enzi zetu sisi tuliokulia Mji Mkongwe, nyumba hazikuwa na siri. Ukikaanga samaki, jirani anajua ni changu au tasi. Ndiyo maana ule mlango wa chumba cha nyuma ulinitia wasiwasi mkubwa.

Kila baada ya sala ya alasiri mama alipika chai ya rangi, ya hiliki na mdalasini, akavukiza udi, akaingia chumbani na birika lake. Kisha tunasikia komeo. Mimi na dada yangu Salma tulikuwa tumeshatolewa nje, tukae barazani. "Msiniite mpaka nshamaliza chai yangu," alisema, na hakuongeza neno.

Mwanzo nilishuku anakula visheti peke yake. Nikavihesabu vya kwenye kopo, vimetimia. Salma, aliyenizidi miaka mitatu na uongo mwingi, akasema mama anaongea na jini, maana udi hauvukizwi bure. Hilo nililiamini wiki nzima, mpaka alipokuja na kubwa zaidi: mama, ambaye alikuwa ameshaachana na baba, anajitengeneza aolewe, na sisi tutapelekwa Makunduchi kwa bibi. Tangu hapo sikuwa na raha. Kila mwanamme aliyemsalimia mama kichochoroni nilimwona baba wa kambo. Muuza pweza aliyemwongezea kipande nilimnunia mwezi mzima.

Siku moja nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Mama amenyoosha miguu juu ya mkeka, anapuliza chai kwenye kisahani, anameza, anatazama ukuta. Basi. Hapana mwanamme wala barua. Sikuamini. Mtu mzima atajifungiaje ili asifanye kitu? Nikaugonga mlango huku nalia.

"Mama, unaolewa?"

Akafungua, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, nnakunywa chai tu. Tangu alfajiri nnaitwa mimi. Hapa ndo napumua."

Aliona usoni kwangu kwamba sijaridhika. Kesho yake hakutia komeo. Nikaingia, Salma akanifuata. Tangu siku ile mama alikunywa chai huku akitutafutia kalamu na kuamua ugomvi wetu, na mara nyingi ilimpolea mkononi. Udi aliacha kuvukiza. Mimi nililala vizuri, nikaona nimeshinda.

Leo naishi Mpendae na wanangu watatu. Vijana wa siku hizi chai wanaipiga picha kwanza, wakija kuinywa imeshakuwa maji ya kunawia. Nami kila alasiri najifungia na kikombe changu, nikitafuta ule utulivu niliomnyima mama. Naupata wote. Ila nusu ya chai naimaliza nimetega sikio, nikishuku kimya cha wanangu. Miaka sita sasa, na hakuna mtoto aliyewahi kuja kuuliza nafanya nini humu ndani.