Nilivyosugua Vioo vya Samaki

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kinampanda, miaka ile ya kuhamia vijiji vya Ujamaa, na sebuleni kwetu alifuga samaki. Sisi ni watu wa mtama na ng'ombe. Samaki tulimjua akiwa mkavu, ametoka kwenye gunia. Yeye alichukua vioo vya madirisha, akaviunga kwa lami vikawa sanduku, akaenda kwa baiskeli hadi Ziwa Kitangiri, akarudi na perege watatu hai ndani ya debe. Alitaka wanafunzi wake waone jinsi samaki anavyopumua.

Alipoitwa semina Kiomboi kwa wiki nzima, aliniachia neno moja tu: "Mke wangu, nikirudi niwakute wazima." Nilikuwa bibi harusi wa miezi mitatu. Nikamwahidi.

Siku ya pili maji yakaanza kugeuka kijani. Siku ya nne vioo vilikuwa na utando unaoteleza kama mlenda. Jirani yangu alikuja kuomba moto, akachungulia, akacheka. "Dada, hili sanduku au lambo la ng'ombe?" Nilichukia. Lakini kilichonitia hofu hasa ni yule perege mkubwa: alikuwa hagusi pumba ninazomtupia, na mashavu yamevimba. Nikasema uchafu huu unamuua, na Mwalimu atanikuta na mzoga.

Mkono wangu haukufika chini. Nikatoka nje, nikavunja tawi la mnyaa kwenye ua wetu, nikalifunga kitambaa nchani, nikaanza kusugua. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba maziwa ya mnyaa yanapofusha, basi nilisugua nimegeuza uso, macho yangu nimeyalinda kweli kweli. Maziwa yalichuruzika majini, wala sikuyajali. Vioo viling'aa. Nikajisifu peke yangu.

Uji wangu haujachemka, samaki wote wamepinduka, matumbo juu! Nilipiga ukelele. Nikamtoa yule mkubwa, kinywa chake kikafunguka mkononi mwangu, vikamwagika vitoto, vidogo kama punje za ulezi, vina macho. Mungu wangu! Kumbe hakuwa mgonjwa. Alikuwa amebeba watoto wake mdomoni, ndiyo maana hakula. Nilikaa sakafuni.

Niliwazika nyuma ya jiko, nikamwaga yale maji. Mwalimu alirudi Jumamosi, akakuta sanduku tupu. Hakufoka. Aliuliza tu, "Imekuwaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli, kwamba ni maziwa ya mnyaa wangu yaliyowaua, wallahi nilijiandaa. Nikafungua mdomo, nikajisikia nikisema, "Yale maji yaligeuka kijani, Mwalimu. Ndiyo yamewaua."

Akaniamini. Tena akaniomba radhi, eti kosa ni lake kuliweka sanduku kwenye dirisha la jua. Jumatatu nilipita karibu na shule nikitoka kisimani, nikasikia darasa zima likimfuatisha kwa sauti moja: "Utando wa kijani huua samaki!" Ndoo nusura initoke kichwani.

Alifundisha hivyo mpaka alipostaafu. Watoto wetu sita walipita mikononi mwake, na kila mmoja, zamu yake ilipofika, alirudi nyumbani akanifundisha na mimi.