Nyanya Mbichi za Kunawia

Ukitaka kumjua mwanamke wa Usoke, usimtazame usoni, mtazame mikono. Tangu jani la kwanza la tumbaku livunwe hadi la mwisho, mikono yake ni myeusi. Huo si uchafu wa kawaida. Tumbaku ina gundi, na ukichuma jani bichi gundi ile inakuganda vidoleni, inakauka, na kila tonge utakalokula linakuwa chungu mpaka uchukie chakula. Sabuni ya mche inaitazama tu.

Eustadia alifundishwa dawa yake na mama mkwe, mwaka ule ule alioolewa. Bibi alimpeleka nyuma ya nyumba, akachuma nyanya mbichi, akaipasua, akamwambia, "Sugua." Eustadia akasugua, na gundi ikaachia, povu la kijani likamtiririka hadi viwikoni. Alicheka kwa furaha. Tangu siku hiyo hakuacha, na wanawake wote wa kitongoji kile hunawa hivyo hivyo.

Sasa, huyu Eustadia alikuwa ameichoka tumbaku, na mimi simlaumu. Alizaliwa kwenye tumbaku akaolewa kwenye tumbaku. Asubuhi ukiingia shambani na umande, majani yanakulowesha, na jua likipanda kidogo kichwa kinazunguka na unatapika nyongo. Wenyewe wanaita kulewa, utadhani kuna aliyekaribishwa pombe! Hapo hujafunga majani kwenye fito, hujachochea moto wa bani, ile nyumba ya kukaushia, isiyolala wala kukuacha ulale. "Hii si kazi, ni ndoa ya pili," alikuwa akimwambia mumewe, Anselm. "Na huyu mume wa pili ana gubu kukushinda wewe."

Anselm alicheka. Si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Ndiye aliyemkatia mkewe kipande cha bondeni, karibu na kisima, alime nyanya. Eustadia akaona ndio wakati, akasema, "Baba Eliya, nyanya zikisimama, mwakani tumbaku basi."

Anselm alikuna kidevu, akaitazama bani yake. "Zikisimama, basi. Zisiposimama, nisisikie tena habari hii."

Yalisemwa mbele ya mama mkwe, na neno lililosemwa mbele ya bibi yule halirudi.

Eustadia akapanda. Miche ilizidi mashimo, na iliyobaki akampa jirani yake, Maua. Huyu ni mtoto wa Tabora mjini, ameolewa na fundi cherehani ng'ambo ya reli, kando ya ile njia ya zamani ya kwenda Ujiji, na kazi yake ni vitumbua. Jembe alikuwa hajui linashikwa upande gani. "Dada, nitaiua yote," alisema. Eustadia akamwambia aipande tu, mengine atajifunza humo humo.

Basi maisha yakawa hivyo, asubuhi tumbaku, jua likipinda bustani. Akishafunga fito ya mwisho, Eustadia alishuka bondeni mbio mbio, kamba zilizobaki za tumbaku zikining'inia shingoni. Akifika alichuma nyanya mbichi kwenye mche wa kwanza, ananawa, halafu anaanza. Anavunja machipukizi ya kwapani mwa matawi, anafunga mashina kwenye miti kwa kamba zile zile, anageuza jani moja moja akitafuta wadudu. Hakuna mche ambao hakuushika. Kule juu mikono ile ilifanya kazi kwa sababu haina jinsi. Huku bondeni ilifanya kwa mapenzi, na alikuwa akijiimbia.

Ugonjwa ulianza na mstari wa kwanza. Majani yakaingia mabaka, kijani iliyokolea hapa, kijani iliyofifia pale, kama kitenge kilichochuja. Yakajikunja, mengine yakasinyaa yakawa membamba kama nyuzi. Eustadia akanyunyiza dawa ya wadudu. Ugonjwa ukaenda mstari wa pili. Akamwaga majivu, akaongeza samadi, akazunguka bustani na rozari. Ukaenda wa tatu. Na kadiri ulivyozidi ndivyo alivyozidi kuishika miche, anakata majani mabovu kwenye huu, anahamia mzima, anaupapasa, anauomba usife.

Siku moja akapita kwa Maua. Loh! Miche ya kitalu kimoja, na zile nyanya zimejilalia ovyo, hazijapunguzwa wala kufungwa, lakini hazina doa hata moja! Hapo shetani akapata pa kukaa. Eustadia akajiambia, nimempa miche, naye kanichukulia nyota yangu. Akaacha kumsalimu. Maua akiita, "Dada, za leo?" mwenzake anatazama reli. Vitumbua vilivyoletwa kwa upendo akawatupia kuku.

Mpaka akaja Ummy, bibi shamba wa kata, na pikipiki yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu msibani."

Ummy alizunguka bustani yote bila kugusa jani. Hilo lilimuudhi Eustadia. Bibi shamba gani anaogopa majani? Mwishowe Ummy akasema, "Mama, hivi ni virusi."

"Haya, nipe dawa yake."

"Havina dawa. Mdudu utampulizia afe, ukungu nao una dawa yake. Virusi vikishaingia kwenye mche, mche ndio basi tena."

"Na kwa jirani yangu kwa nini havipo? Miche ni ile ile. Nieleze hilo, wewe uliyesoma."

"Jirani yako analima tumbaku?"

"Yule? Analima vitumbua."

Ummy akacheka, akataka kuaga. Eustadia alikuwa ametoka kufunga tumbaku, na huwezi kumpa mgeni mkono wenye gundi. Akainama, akachuma nyanya mbichi, akaipasua, akaanza kusugua.

"Mama, unafanya nini?"

"Nanawa."

"Huwa unanawa hivyo? Hapa hapa?"

"Kila siku. Ndiyo dawa ya gundi. Kwani kwenu hamjui?"

Ummy akaeleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayepeleka taarifa ya kifo. Virusi vile tumbaku imevibeba. Vinakaa kwenye gundi, kwenye kucha, kwenye nguo na kwenye kamba, hata jani likikauka bado vimo. Nyanya inaondoa weusi, mkono unaonekana msafi, lakini vyenyewe havitoki. Na kila chipukizi linalovunjwa ni kidonda kwenye mche. Mkono unaovunja ndio unaokipaka kidonda kile ugonjwa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Eustadia aliitazama mikono yake, ikichuruzika maji ya kijani, akatamani kuitupa.

"Nikinawa kwa sabuni?"

"Inasaidia. Ubadili na nguo, utafute kamba nyingine. Lakini nisikudanganye, mama. Ukishinda na tumbaku asubuhi na nyanya jioni, vitarudi tu. Anayeshika nyanya asishike tumbaku. Hizi zing'oe uzichome."

Mnauona mtego huo? Ili aiache tumbaku, nyanya lazima zisimame. Ili nyanya zisimame, lazima kwanza aiache tumbaku. Azunguke wapi, maskini?

Jioni ile alimweleza mumewe yote, mama mkwe akiwa jikoni anasikiliza. Akamwomba, "Baba Eliya, niache niitoke tumbaku leo. Nipande upya, mikono ikiwa safi. Nipe nafasi moja tu."

"Majani yameiva, mama Eliya. Nani atafunga? Mama haoni tena, na mimi niko na moto. Majani hayamsubiri mtu."

"Basi mwakani."

Anselm alitazama miguu yake. "Mwakani nimeshamwambia karani wa chama cha tumbaku kwamba tumo."

"Ulimwambia lini?"

"Ugonjwa ulipoingia mstari wa pili."

Eustadia anazunguka na rozari, kumbe mwenzake alishazika! Mama mkwe ndiye aliyesema, kule kule jikoni, "Mimi ndiye niliyekuonyesha kunawa, mwanangu." Alilisema mara moja tu.

Kesho yake Eustadia aling'oa bustani nzima. Akarundika, akachoma, moshi ukamwingia machoni, akalia bila kujificha kwa kuwa moshi una sababu. Kisha akaoga, akaenda kwa Maua. Uso umeumbwa na haya, lakini alikwenda.

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikudhania mabaya."

"Najua," alisema Maua, akipakua vitumbua. "Nikadhani kuku wako ndio wanakukataza kuja, maana wamenenepa kwa vitumbua vyangu! Kaa, dada, unywe chai."

Wakacheka wote wawili, Eustadia akacheka mpaka akajisikia mwepesi. Walipomaliza chai Maua akamshika kanga. "Njoo basi unionyeshe. Nyanya zangu zinalala chini, sijui nazifanyaje."

Wakatoka. Kumbe zilikuwa nzuri! Zimejaa matunda, zinanuka ule ukali wa majani mazima. Mkono wa Eustadia ukaenda wenyewe kwenye chipukizi la kwanza. Akaushtukia njiani. Akaurudisha, akaukamata kwa mkono wa pili mgongoni.

"Vunja hilo dogo hapo kwapani," alisema. "Usivute, livunje kwa pembeni. Siyo hilo, hilo lina maua. Eeh, hapo hapo."

"Nionyeshe kwa mkono, bwana, mimi wa mjini."

"Siwezi, Maua." Akamweleza kwa nini.

Maua alichungulia mgongoni mwake akaitazama mikono ile. Kucha zilikuwa bado nyeusi, maana kuoga hakuondoi gundi. Akamhurumia mwenzake, na bila kuwaza akachuma nyanya mbichi moja, nzuri kabisa, akamnyooshea. "Chukua unawe, dada."

Eustadia akarudi nyuma. "Hapana. Iweke. Sogea mbali nami."

Kutoka ng'ambo ya reli sauti ya Anselm ikasikika ikiita kuwa majani ya kufunga yameshateremshwa. Eustadia akaitika. Akamwambia Maua asisahau kufungia kwa kamba mpya, akaaga, akashika ile njia ya zamani kurudi kwenye bani. Alitembea hivyo hivyo, mikono nyuma, kama mtu aliyefungwa, mpaka akavuka reli.