Kitabu cha Tisa Bado Kimeshonwa

Fundi viatu wa mtaa wetu hushona kurasa za mwisho za kila riwaya ya upelelezi kwa uzi wa viatu, asije akachungulia. Haukati mpaka aandike jina la muuaji kwenye jalada, kwa penseli. Mwandishi wake kipenzi ana vitabu tisa. Vinane fundi ameshavifungua. Jana nesi, mteja wake, alimwambia, "Cha tano ndicho kitamu."

"Kitamu wapi! Muuaji nilimjua mapema. Cha tisa ndicho kiboko."

Jalada la cha tisa limechakaa kwa majina yaliyofutwafutwa, na uzi bado upo. Nesi akamhurumia. "Nikunong'oneze, mzee wangu?"

Fundi akaziba masikio kwa viatu vya nesi mwenyewe. "Thubutu!"

Nesi alipoondoka, fundi akakifungua cha tisa upya, ukurasa wa kwanza.